Tafakari ya Juma: Mtoto Mdogo na Kikombe Chake cha Maji



Wapendwa waamini wa parokia yetu, nanyi nyote mnaotusoma mkiwa mbali na Mabibo, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo linaloonekana dogo, ambalo pengine halijapata kuwa ajenda katika kikao chochote cha halmashauri ya walei. Nalo ni hili: mtoto wa miaka miwili au mitatu anapotaka kushika ufagio, kubeba kikombe au kufua kitambaa, tumjibu nini?

Swali hili lilitujia Jumamosi moja asubuhi. Tulikuwa tumekwenda kusali na jumuiya moja, katika nyumba isiyo mbali na soko la Mahakama ya Ndizi. Sala ilipokwisha na waamini kutawanyika kuelekea kwenye shughuli zao, wenye nyumba walituomba tubaki kidogo, kwani walikuwa na jambo la kutueleza. Tukaketi sebuleni pamoja na baba, mama, na bibi mzaa mama aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka kijijini. Jambo lenyewe lilihusu mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miaka 12. Baba alisema kwa uchungu kwamba kijana huyo hashiki hata sahani aliyolia chakula. Akila huinuka, na akivua nguo huiacha pale pale ilipoanguka. Hata kabla baba hajamaliza maelezo yake, kijana mwenyewe, akiwa mbele ya televisheni katika chumba cha pili, alipaza sauti: "Dada, niletee maji!" Jagi la maji lilikuwa mezani, hatua chache tu kutoka alipoketi. Binti wa kazi aliacha sufuria jikoni, akampelekea.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, alitokea kitindamimba wao, mtoto wa miaka miwili na nusu. Alikuwa ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili, akitembea polepole na kukikazia macho kikombe kile, kama mtumishi wa altare aliyepewa kubeba divai kwa mara ya kwanza. Alikuwa amewaona wakubwa wakimkaribisha mgeni kwa maji, naye akataka kumkaribisha mgeni. Alipotufikia, kikombe kikainama. Maji yakatumwagikia katika kanzu, na mengine yakalowanisha daftari la jumuiya lililokuwa magotini petu.

Wapendwa, tunakiri kwamba neno la kwanza lililotutoka halikuwa asante. Tulisema, "Mchukueni mtoto!" Mama yake naye akaongeza, "Nenda kacheze huko, utavunja vitu vya watu." Binti wa kazi akambeba na kumtoa nje akilia. Baada ya muda kidogo kilio kikanyamaza, maana alikuwa amepewa simu yenye katuni. Ndipo bibi, ambaye muda wote alikuwa amenyamaza akichambua mchicha wake, akasema bila kuinua macho: "Baba Padre, huyu leo mmemwachisha kazi. Siku mtakapomwita kazini atawaambia aliachishwa."

Tulicheka wote. Lakini kicheko chetu hakikufika parokiani. Katika nyumba moja na katika saa moja tulikuwa tumewaona watoto wawili wa tumbo moja: mmoja akileta maji bila kuombwa, mwingine akiagiza aletewe. Yule wa miaka 12 naye aliwahi kuwa na miaka miwili na nusu. Hatuamini kwamba alizaliwa mvivu. Yawezekana naye alileta kikombe chake, akaambiwa aende akacheze. Akatii, na hadi leo anaendelea kutii.

Ndugu zetu, wataalamu wa malezi wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2006 watafiti wawili, Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya kazi Leipzig nchini Ujerumani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la Science. Waliwachukua watoto 24 wa umri wa miezi 18. Mtu mzima asiye ndugu yao aliangusha kibanio cha nguo, akajifanya hawezi kukifikia, au alitaka kufungua kabati huku mikono yake imejaa vitu. Watoto 22 kati ya hao 24 walimsaidia walau mara moja, bila kuombwa na bila kupewa chochote. Mwaka 2008 watafiti hao wawili walionyesha jambo jingine la kutufikirisha: watoto wa miezi 20 waliokuwa wakipewa zawadi kila waliposaidia, baadaye walipungukiwa na moyo wa kusaidia kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Ama kweli, pipi inaweza kumwachisha mtoto kazi sawasawa na karipio.

Kwa sisi tunaosadiki kwamba mwanadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu, matokeo hayo hayapaswi kutushangaza. Mungu wetu ni Mungu anayejitoa. Basi ni ajabu gani sura yake ikianza kuonekana katika kitoto ambacho hakijajua hata kutamka vizuri neno maji?

Tukifungua Maandiko Matakatifu, tunakutana na Samweli. Mama yake, Hana, alimpeleka katika nyumba ya Bwana kule Shilo mara tu alipomwachisha ziwa. Kitabu cha Kwanza cha Samweli chasimulia kwamba mtoto huyo alitumika mbele za Bwana akiwa amevaa efodi ya kitani, na kwamba kila mwaka mama yake alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Tena, baada ya usiku ule mkuu alipoitwa na Mungu kwa jina lake, Maandiko yanasema kwamba Samweli alilala hata asubuhi, kisha akaifungua milango ya nyumba ya Bwana. Mara nyingi tunahubiri juu ya ile sauti ya usiku, tukaisahau milango ya asubuhi. Samweli alikuwa na kazi. Alikuwa mtoto wa nyumba ile kwa sababu kulikuwa na mlango uliomsubiri yeye aufungue. Mtoto aliyezoea kuamka na kufanya kazi yake ndogo ndiye aliyeweza kuamka na kuitika alipoitwa kwa kazi kubwa.

Tuitazame pia ile kanzu ndogo. Hana hakumpelekea mwanawe kanzu ya kuhani mzee imwangushe. Wala hakusema, "Akue kwanza, ndipo avae." Alimshonea inayomwenea, na mwaka uliofuata akamshonea nyingine. Huu ndio ufundi wote wa malezi tunaoutafuta leo: kumpa mtoto kazi inayomwenea, na kuipanua kadiri anavyokua.

Twende sasa Nazareti. Mwinjili Mathayo anasema watu walimwita Bwana wetu mwana wa seremala. Marko anasema walimwita yeye mwenyewe seremala. Kati ya majina hayo mawili kuna miaka mingi ambayo Injili imeinyamazia. Hakuna seremala anayezaliwa na randa mkononi. Ni lazima palikuwa na siku ambapo mikono midogo ilitaka kushika kile alichoshika Yosefu, na Yosefu akalazimika kuchagua kati ya kumaliza kazi mapema na kumkaribisha mtoto. Papa Paulo VI alipohiji Nazareti tarehe 5 Januari 1964, alitaja masomo matatu tunayoyapata katika nyumba ile: ukimya, maisha ya familia, na kazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, mwaka huo huo, katika hati yake juu ya Kanisa, uliita familia Kanisa la nyumbani. Kama nyumba ni Kanisa, basi kila aliyemo anastahili kuwa na huduma yake, hata aliye mdogo kuliko wote.

Twajua kwa nini watoto wetu hufukuzwa kazini, wala hatuandiki haya ili kuwalaumu akina mama. Nyumba zetu nyingi hapa Mabibo ni za chumba na sebule, na ua ni wa wapangaji wote. Kuna siku maji hayatoki, tunayanunua kwa ndoo. Mtoto akiyamwaga, amemwaga fedha. Mzazi anayewania usafiri alfajiri na kurudi usiku hana nusu saa ya kumngojea mtoto apange viatu jozi mbili. Mtoto akifagia, inabidi kufagia upya. Akifua kitambaa, inabidi kumfua na yeye mwenyewe. Hesabu ya leo inaonyesha hasara tupu. Lakini anayehesabu hasara ya leo na aihesabu pia ya miaka kumi ijayo, tuliyoisikia katika malalamiko ya baba yule. Wahenga walinena: udongo upatize ulimaji. Nasi mapadre tumo katika kosa hilo hilo, kwani mara ngapi watoto wa Utoto Mtakatifu wamekuja kutaka kupanga vitabu vya nyimbo, tukawaambia wawaachie wakubwa ili mambo yaende haraka?

Basi tufanye nini? Tulirudi kwa bibi yule kama wanafunzi, na mengi ya haya tuliyajifunza kwake.

Kwanza, kazi iwe ndogo, na iwe ya kweli. Mtoto aliyeanza kutembea vizuri aweza kubeba nguo yake chafu hadi kwenye beseni, na kupeleka kandambili mlangoni. Wa miaka miwili aweza kumpa mama vibanio wakati wa kuanika, kufuta mkeka kwa kitambaa chenye unyevu, kuchuma majani ya mchicha, kugawa vijiko vya chakula na kuwarushia kuku pumba. Wa miaka mitatu aweza kufagia pembe moja ya ua kwa ufagio wa chelewa uliofungwa mdogo, kumwagilia mche kwa kopo, na kukunja kanga ya mama kwa msaada wa mama. Daktari Mkatoliki wa Italia, Maria Montessori, alipofungua nyumba yake ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, alijifunza kuwapa watoto meza ndogo, mifagio midogo na vyombo vya kweli, wakaosha na kufagia kwa umakini uliowashangaza wakubwa. Njia yake inatumika hata leo katika shule za awali nyingi, zikiwamo zinazoendeshwa na masista wetu hapa nchini. Ni ile ile kanzu ya Hana.

Pili, tufanye pamoja naye. Mtoto wa umri huu hafundishwi kwa amri itokayo kitini. Hujifunza akiwa kando yetu, akitazama mkono na kuuiga. Akichoka baada ya dakika tano, aachwe aende, kesho atarudi. Na tusirekebishe kazi yake mbele ya macho yake. Kama viatu vimekaa kinyume, vikae kinyume hadi atakapolala.

Tatu, tumshukuru badala ya kumlipa. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alizikumbusha familia maneno matatu: tafadhali, asante na samahani. Mara nyingi tunawafundisha watoto watuambie sisi maneno hayo. Ni mara chache wao kuyasikia kutoka kwetu. "Tafadhali niletee kijiko. Asante, mwanangu, umetusaidia." Mtoto aliyeambiwa hivyo amejua kwamba nyumba ile inamhitaji, na mtu anayehitajika hajioni mgeni.

Nne, tuwalinde. Mtoto mdogo asikaribie jiko la mkaa wala la gesi, sufuria ya moto, kisu au pasi. Mafuta ya taa na dawa za kufulia visihifadhiwe kamwe katika chupa za soda, wala visiwekwe mahali anapofika. Ndoo au beseni la maji lisiachwe wazi mtoto akiwa peke yake, kwani maji machache tu yaweza kumzamisha. Hata maharage, tunayopenda wayachambue, mtoto wa miaka miwili huyasukuma puani au kuyameza yakampalia, afadhali mchicha. Na asitumwe peke yake dukani ng'ambo ya barabara zetu zenye bodaboda. Kazi ya mtoto wa umri huu huishia pale jicho la mkubwa linapoishia.

Wapendwa, hapa yatupasa kusema neno zito zaidi. Mnakumbuka yule binti aliyeacha sufuria jikoni? Alionekana kuwa na umri wa miaka kama 16. Ndiye aliyempelekea maji mvulana wa miaka 12, na ndiye aliyemtoa nje mdogo wake. Kila tunapomwambia mtoto wetu, "Acha, dada atafanya," tunamfundisha mambo mawili kwa mara moja: kwamba kazi ni aibu, na kwamba yuko mtu aliyeumbwa kwa ajili ya aibu hiyo. Baada ya miaka kumi tunashangaa kumsikia akimwamuru binti wa watu kama mtumwa. Tumemfundisha sisi, tena kabla hajajua kusoma.

Binti huyo naye ni mtoto wa mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Sheria hiyo hiyo inataja pia wajibu wa mtoto kwa familia yake. Mambo hayo mawili hayapingani. Kumpa mtoto kijiko apeleke mezani, kando ya mama yake, ni kumwingiza katika familia. Kumbebesha mtoto wa mwenzako mzigo wa nyumba nzima tangu alfajiri hadi usiku wa manane, bila mapumziko, bila ujira wa haki na bila nafasi ya kusali Dominika, ni dhambi, hata kama tunamwita dada. Nyumba ambamo kila mmoja anafanya sehemu yake, huyo binti pia hupata muda wa kuketi.

Neno jingine ni kwa akina baba na kwa watoto wa kiume. Katika nyumba nyingi msichana wa miaka mitatu hupewa ufagio, na kaka yake wa miaka minne hupewa mpira. Tuseme nini basi juu ya Bwana wetu? Usiku wa karamu ya mwisho alijifunga kitambaa, akawaosha miguu wanafunzi wake. Na baada ya kufufuka, Yohane anasimulia kwamba wanafunzi waliposhuka pwani asubuhi, walikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Bwana aliyeshinda mauti alikuwa ameandaa kifungua kinywa. Baba atakayeosha vikombe jioni moja mbele ya mwanawe atakuwa amemhubiria kwa muda mrefu kuliko sisi mimbarini.

Majuma machache baadaye tulirudi katika nyumba ile. Wazazi walikuwa wameanza, kwa kusuasua. Yule kijana mkubwa sasa huosha sahani yake, kwa kununa, tena si kila siku. Kumrudisha kazini mtu aliyeachishwa miaka kumi hakuhitaji juma moja. Binti wa kazi alikuwa ameketi mkekani pamoja na bibi. Kitindamimba alipotuona alijificha nyuma ya mlango. Alitukumbuka. Tukamwita, tukamwambia, "Samahani, mwanangu. Siku ile ulituletea maji, nasi hatukukushukuru. Tafadhali, tuletee tena." Alitutazama kwa muda mrefu, kisha akaenda zake. Tulidhani amekataa.

Alirudi na kikombe. Bibi alikuwa amemtilia maji nusu tu, kipimo kinachomwenea. Hata hivyo mengine yalimwagika njiani, na yaliyotufikia hayakuzidi mafunda mawili. Tuliyanywa yote. Bwana wetu alisema kwamba atakayempa mmoja wa wadogo kikombe cha maji baridi hatakosa thawabu yake. Siku ile mdogo ndiye aliyetoa, na sisi ndio tuliopokea.

Tunaomba basi kila familia, juma hili, imchagulie mtoto wake aliye mdogo kuliko wote kazi moja tu, iwe yake kila siku, naye ashukuriwe kila siku. Na katika sala ya jumuiya ya Jumamosi ijayo, watoto ndio wapange mikeka na viti, hata tukichelewa kuanza.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Familia Takatifu, aziombee familia zetu uvumilivu. Na Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.